Mwaka wetu hauanzi Julai: barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi

Kwa waheshimiwa wakuu wa mikoa ya Mtwara na Lindi, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, wabunge na madiwani wetu.

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ambaye salamu hizo mbili hazimhusu, habari za kazi.

Nawaandikia kutoka kijiji kimoja cha Newala, huku juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yanapandishwa kutoka bondeni Mitema na yakikatika tunanunua kwa dumu. Mimi ni mkulima wa korosho na muhogo, nina wajukuu, na vijana wa kijiweni wananiita mzee wa mkoloni kwa misimamo yangu. Naamini mtoto amwamkie mkubwa. Naamini mwanamume alishe nyumba yake kwanza, ndipo ailalamikie serikali. Naamini deni hulipwa. Mwaka 2013, Mtwara mjini walipochachamaa kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, mimi nilikuwa upande wa waliosema tulieni, na wapo ndugu zangu ambao hawajanisamehe mpaka leo. Kwa hiyo barua hii haitoki kwa mtu wa fujo, na msiitafutie chama nyuma yake.

Nina jambo moja. Serikali ina mwaka wake, unaanza Julai mosi. Sisi wa korosho tuna wetu. Mengi mnayotuletea ni mazuri, lakini yanakuja kwa kufuata mwaka wenu, na yakifika huku yanaangukia mwezi mbaya. Halafu tunaambiwa wananchi wa Kusini hatuna mwamko. Mwamko tunao, mwezi mliokuja ndio haukuwa na hela.

Wengi wenu mmeletwa huku kwa uteuzi, mkitokea kwenye mahindi au kwenye ng'ombe, wala si kosa lenu, basi niwapitishe haraka. Mei na Juni tunapalilia na kufagia chini ya mikorosho. Miti inachipua na kutoa maua wakati wa baridi na umande, na hapo ndipo ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, unapoingia. Usipopulizia salfa maua yanakauka, na msimu wako umekwisha kabla haujaanza. Mwishoni mwa Septemba korosho zinaanza kudondoka. Tunaokota, tunaanika, tunapeleka chama cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinaingia mnadani, kisha hela inasubiriwa benki. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Januari ndipo mkulima anahesabika kuwa ni mtu. Desemba mvua ikishika tumerudi kwenye jembe. Halafu kinakuja kifuku chenyewe, Februari, Machi mpaka Aprili: hela imekwisha, chakula kipya bado kiko shambani, mbu wamejaa, barabara ni tope, na njaa ikibana watu wanaingia porini kuchimba ming'oko, yaani viazi vya porini. Mtu wa Dar es Salaam akipita stendi anainunua ming'oko kwa kupenda. Sisi tunaijua kwa sababu nyingine.

Kuhusu salfa sina maneno mengi. Miaka ya karibuni Serikali imeigawa kwa ruzuku na nashukuru hadharani, maana wapo wanaopokea kwa mkono na kutukana kwa mdomo. Ila salfa inayofika maua yameshaungua ni vumbi tu la kupaka miti. Watafiti wa kilimo wa kituo cha Naliendele wamelisema hilo miaka mingi.

Ninakotaka kukaa ni kwenye afya.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kabla yake tuliijua CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Nimewasikia maofisa wakishangaa mkulima anayeuza korosho kwa tani anashindwaje kutoa elfu thelathini. Nami nauliza, mwandikishaji anakuja lini? Anakuja pale robo ya mwaka inapotaka kufungwa na takwimu zinatakiwa juu. Ikiwa ni Machi, mtu mwenye elfu thelathini ndani ya nyumba anaificha hata kwa mke wake. Novemba mtu huyohuyo anawatunza wapiga ngoma elfu thelathini, na kesho yake hakumbuki.

Ombi langu ni kwamba uandikishaji wa bima ufanyike chama cha msingi, Oktoba hadi Desemba, siku mkulima anapopima. Karani wa bima awe na meza yake kando ya mzani. Anayetaka asaini kwamba katika malipo yake ya mnada ukatwe mchango wa kaya. Asiyetaka aende zake, na jina lake lisiandikwe kwenye daftari la wakaidi.

Nasisitiza kusaini kwa sababu makato ya korosho yana historia. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoletwa huku mwaka 2007 watu waliupokea kwa shingo upande, na mpaka leo lawama kubwa ni ileile ya makato: la chama cha msingi, la chama kikuu, la ghala, la usafiri, la halmashauri. Mkulima anasikia bei ya mnada redioni, akifika benki anakuta nyingine. Likiingizwa kato jipya kwa amri, hata likiwa la dawa, watu watamrudia mnunuzi wa kangomba, yule wa magendo, na kuuza kwa bakuli usiku. Mimi ni katika wanaoamini kwamba hela ya mtu ni ya mtu. Lakini ukimwomba siku hela inapoingia, na ukamwonyesha dawa rafuni, anatoa.

Tena hiyo kaya mnaihesabu vibaya. Fomu inamtaka baba, mama na watoto wanne. Huku kwetu, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo kwa asili unafuata upande wa mama, na mjomba ana neno kwa wapwa zake kuliko fomu yoyote. Bibi analea wajukuu watano, wazazi wao wako Dar es Salaam wanatafuta. Bibi huyo mnamweka kaya gani? Ataandikwa peke yake kama mzee, na wajukuu wabaki hewani. Mruhusuni mjomba amwandikishe mpwa. Mruhusuni kijana aliye mjini amlipie bibi yake pamoja na wale anaowalea, kwa simu, akiwa hukohuko Mbagala. Kutunzana ndivyo tulivyolelewa, hatukufundishwa kwenye semina. Serikali isitupangie ukoo, ituachie mlango tu.

Na sisi wazee. Sera inasema mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Kibao cha kutaka wazee tupewe nafasi ya kwanza nakiona ukutani, nami kweli napewa nafasi ya kwanza: nakuwa wa kwanza kuambiwa dawa hakuna. Nashika karatasi naelekea duka la dawa, na duka la dawa halijui umri wa mtu.

Hapo tena msinijibu kwamba bajeti ni finyu, kwa sababu nalo ni suala la mwezi. Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa korosho, asilimia 3, katika miezi ileile tunayouza sisi. Maana yake Novemba na Desemba hata halmashauri ina hela mkononi. Itengwe sehemu wakati huo, zinunuliwe dawa na vipimo vya malaria, dawa za kuharisha, za presha na za vidonda, vikae zahanati kabla ya kifuku. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja juu ya mvua ambazo tayari zilikuwa zimeshaitafuna barabara, pale Somanga pakakatika na Kusini tukatengwa na Dar es Salaam. Lori la dawa lililosubiriwa wakati ule halikuwa na pa kupita. Akiba inawekwa kabla, kila mama mwenye ghala la muhogo anajua hivyo.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Wazee wetu walitibiwa Ndanda na Nyangao kwa wamisionari, na aliyezidiwa alipelekwa Muhimbili, akavushwa Rufiji kwa pantoni, maana Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Leo tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mitengo, Mtwara. Ni jambo kubwa na nimelisema msikitini. Na mwaka 2022, ulipozuka ule ugonjwa wa kutoka damu puani kule Ruangwa, watu tulikuwa tumeanza kusingiziana uchawi. Wataalamu wakaja upesi, Waziri wa Afya akasimama akasema ni homa ya mgunda, inatokana na mkojo wa wanyama, hasa panya, unaoingia kwenye maji na udongo, waliougua ni 20 na waliokufa ni 3. Maneno ya mitaani yakaisha siku hiyohiyo. Mnaweza kusema wazi mkitaka.

Kwa nini basi kwenye chanjo za watoto hamsemi hivyo? Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini 2018 kwa mabinti wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Mimi siipingi. Nimeshawazika wanawake walioondoka kwa saratani hiyo na sitaki mjukuu wangu aifuate. Ninachopinga ni kupata habari kwa mtoto, akishachanjwa, akiwa ameshika bega. Baba asiyeulizwa hutafuta jibu kwa jirani, na jirani humwambia chanjo inafunga uzazi. Njooni wiki mbili kabla, muongee na baba, mama, shehe na padri, katika mwezi ambao watu wako kijijini na si mashambani. Mkishaongea na shehe, kazi iliyobaki mwachieni yeye.

Mabusha nitayasema kwa kifupi kwa sababu ya heshima. Ugonjwa huo upo huku pwani, na wanaume wanauficha mpaka kutembea ni shida. Kingatiba tunameza. Kambi za upasuaji zikipangwa, zisiwekwe msimu wa korosho. Mwanaume hawezi kulala na kidonda huku korosho zake zinaokotwa na wengine. Wekeni Aprili.

Sasa jando na unyago, ambako najua nitakosana na watu wa pande zote.

Zamani wari waliingia kumbini kiangazi, chakula kipo, mvua hakuna. Shule ilipokuja tukasogeza, na ilibidi. Sasa likizo ndiyo inayotupangia, na Desemba mtoto anaingia kumbini mvua ikinyesha, mama yake yuko shambani, hela ya korosho ndiyo imeingia, basi mafunzo yanakuwa ya siku chache na sherehe ndiyo kubwa. Watoto wa kike wa miaka saba wanachezwa unyago! Bibi zetu walichezwa baada ya kuvunja ungo, wakafundishwa mambo ya mtu mzima kwa sababu walikuwa wanaelekea utu uzima. Kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza mambo hayo si mila, ni wazazi kutafuta kutunzwa. Wanaharakati wakija wanataka tuifute yote. Sikubaliani nao. Kijana asiyepita kumbini anafundishwa na simu, na hayo ya simu sote tunayaona. Tohara ifanywe na mganga wa zahanati kwa vifaa safi, hapo sina ubishi na mtu. Mafundisho yabaki kwa wazee. Ofisa elimu, mganga mkuu wa wilaya, mangariba na makungwi wakae meza moja kila mwaka, kabla ya korosho kuanza kuanguka, wapange tarehe na umri. Mpaka sasa kila mmoja anatoa tangazo lake.

Naona nimewasema viongozi vya kutosha. Wenzangu wanaume wa korosho nao wasikie, kwa kuwa barua hii ni ya wazi.

Tunajidhalilisha. Mtu anapokea malipo ya kwanza anahama kwa mke wake, Novemba anaoa mjini, Machi amerudi na begi tupu anagonga. Na anafunguliwa, hilo ndilo linaloniuma. Muziki wa kigodoro unapigwa usiku kucha karibu na zahanati ambako mama yuko kwenye uchungu. Mashine za kamari za dubwi zimefika hadi vitongoji ambavyo havina duka la dawa. Mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, anakuja Februari, anachukua kadi ya benki ya mtu kama dhamana, na Oktoba yeye ndiye anayevuna. Hapa nawataka mtumie mkono wa sheria bila huruma: muziki mwisho saa nne, dubwi liondoke vijijini, na anayeshika kadi ya mkulima akamatwe. Msiogope kura. Akina mama wote watakuwa nanyi.

Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata, itolewe Januari na Februari, kabla mkopeshaji hajabisha hodi. Ikitoka Novemba inakwenda kuungana na hela nyingine kwenye harusi.

Kwenye siasa nitakuwa mwepesi, kwani nimeshasema mimi si mtu wa majukwaani. Kusini tumetoa Rais, Mzee Mkapa wa Lupaso. Tumetoa Waziri Mkuu, Mheshimiwa Majaliwa wa Ruangwa, aliyekaa ofisini miaka 10 tangu 2015. Gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay inakwenda Dar es Salaam, na mimi nilikubali iende, taifa ni moja. Kwa hiyo hoja ya kwamba hatuna wa kutusemea siipokei, wala ile ya kwamba tunachukiwa. Tatizo ninaloliona ni kwamba wanaoamua hawajui siku zetu. Angalieni 2018. Serikali ilisema itanunua korosho zote kwa Sh 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja, na wengi tulishangilia, kwani wanunuzi walikuwa wanatuchezea. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba, na wapo waliolipwa kifuku kimeshaingia, wamekwishauza mbuzi, wamekwishakopa. Bei ilikuwa ya haki. Ilichelewa tu, na kwa mkulima wa zao moja kuchelewa miezi mitatu ni kukosa. Mwaka huohuo ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, iliyokuwa inarudi kuhudumia zao, ikapelekwa mfuko mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipiga kelele bungeni, na hilo nitawapa sifa yake.

Uchaguzi nao unaangukia msimu. Uchaguzi mkuu ni Oktoba. Wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 24 mwaka 2019, na Novemba 27 mwaka 2024. Mgombea anatukuta tumeshiba, tuna pikipiki mpya na mashati mapya, anaondoka akidhani Kusini hakuna shida. Sisi nasi tukiwa na hela mfukoni tunachagua kwa tisheti na pilau. Sisemi tarehe ya uchaguzi ibadilishwe, nchi nzima haiwezi kufuata mkorosho. Ila aliyechaguliwa Novemba aonekane Machi.

Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu. Mwingi unaofanyika ni ule wa msimu wa hela, kwa sababu ndipo kuna michango ya kutangaza. Agizeni ule wa Machi ufanyike katika kila kijiji cha mikoa hii miwili, na msimtume mtendaji peke yake. Aje mganga mkuu wa wilaya na orodha ya dawa zilizopo na zisizokuwepo. Aje ofisa ushirika na hesabu za makato ya msimu uliopita, kato kwa kato. Aje diwani, na mbunge kama Bunge halijaanza. Gari likikwama kwenye tope pale chini ya mlima, vijana wapo, watalisukuma bila malipo. Msilete posho wala chakula. Kikao kianze saa mbili asubuhi, kwani saa nne mvua inakuwa imeshaanza kunyesha na paa la ofisi ya kijiji linavuja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzee mkulima, Newala